Sebuleni Flati, Jikoni Mkaa: Miaka 60 ya Wazazi Wapenda Vifaa Bongo

Kila mtaa wa Dar una baba mmoja wa aina hii. Jina lake halina haja, kila mtu anamjua. Yeye ndiye wa kwanza kuwa na kitu kipya, yeye ndiye anayejua waya upi unaingia wapi, na jirani king'amuzi kikigoma anatuma mtoto: "Nenda kamwite baba nanihii." Siku hizi wanamwita mzazi wa kidijitali. Ana paneli ya sola juu ya bati, ana taa zinazojiwasha giza likiingia, ana programu kwenye simu ya kuchungulia watoto wanaangalia nini, na ukimpa dakika tano anakuhubiria habari za kutunza mazingira kama vile kaanzisha yeye.

Hajaanzisha yeye. Baba yake alikuwa hivyo hivyo, na babu yake pia. Historia ya vifaa kwenye nyumba za Bongo ina miaka 60 na ushee, na ukiifuatilia chumba kwa chumba unakutana na jambo moja la ajabu. Sebule imebadilika karibu kila baada ya miaka kumi. Jikoni, moto ulikuwa ule ule kwa muda wote huo, na aliyekuwa anavuta moshi wake hakuwa yule anayechagua kifaa gani kinunuliwe.

Redio ya babu na betri za kuanikwa

Miaka ya 1960 na 1970 kifaa cha nyumbani kilikuwa kimoja: redio. Ilikaa juu ya meza au kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, na haikuguswa na mtu zaidi ya mwenye nyumba. Mtoto akishika kile kidude cha kutafutia stesheni, fimbo. Taarifa ya habari ya Radio Tanzania ikianza nyumba nzima kimya, hadi kuku.

Umeme ulikuwa wa wachache, hivyo redio ilikula betri, na betri ni hela. Ndiyo maana mzee alikuwa na tabia ambazo wajuzi wa leo wangeziita matumizi endelevu na kuzifanyia semina hotelini. Habari ikiisha, redio inazimwa. Betri zikichoka zinaanikwa juani mchana kutwa, jioni zinarudishwa zikasukume salamu za mwisho. Usicheke, ina sayansi yake. Joto linaamsha kemikali kidogo iliyobaki ndani, kwa hiyo sauti inarudi kwa muda, ingawa hakuna chaji mpya iliyoingia. Zikifa kabisa zinapasuliwa, ule unga mweusi unapakwa kwenye ubao wa shule. Hapo habari ya mazingira inaharibika kidogo, maana unga ule una madini ya manganizi na watoto waliushika kwa mikono mitupu.

Redio hiyo ilifanya kazi ambayo simu janja nyingi hazijawahi kuifanya. Mwaka 1973 ilirushwa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi nchi nzima, redio katikati, kijitabu mkononi, wiki baada ya wiki. Kipindi kikiisha wanajadili walichosikia kuhusu malaria, kuhara au kichocho, halafu wananyanyuka kwenda kufanya: kufukia madimbwi, kufyeka nyasi, kuchimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, ya lishe. Mzee mwenye redio alikuwa mtu wa kutafutwa.

Sasa angalia nani alikuwa wapi. Baba yuko barazani na redio. Mama anasikilizia jikoni, mbele ya mafiga matatu, macho yanamtoka machozi kwa kuni mbichi. Familia zikihimizwa kuchemsha maji ya kunywa, ni kuni zaidi. Uji wa mtoto upikwe vizuri, ni kuni zaidi. Ushauri ulikuwa mzuri, hakuna ubishi, lakini kila ushauri mzuri wa afya uliongeza mzigo juu ya kichwa cha mtu mmoja, na kichwa chenyewe hakikuwa cha mwenye redio.

1974: TV marufuku, gesi yapatikana

Zanzibar waliwahi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 tayari wana televisheni tena ya rangi, wakati nchi nyingi za Afrika hazina hata ya nyeusi na nyeupe. Bara ikawa hadithi nyingine. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na seti za televisheni nchini.

Vijana wa leo wakisikia hilo wanashika vichwa. Lakini weka picha nzima. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepaa, ukame umebana chakula, fedha za kigeni zinahesabiwa kama chumvi ya mgonjwa wa presha. Kwa serikali ya Ujamaa, TV ilionekana kitu cha wakubwa wachache wa mjini. Unaweza kubisha uamuzi wenyewe, lakini hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Matokeo yake, mzazi mpenda vifaa wa Bara alibaki na redio kwa miaka mingine 20.

Mwaka huo huo wa 1974, waliokuwa wanatafuta mafuta kwenye kisiwa cha Songo Songo kule Kilwa walikuta gesi asilia. Nishati ya kupikia, ipo chini ya ardhi ya nchi yenyewe. Ikakaa miaka 30. Bomba lilipofika Dar mwaka 2004, gesi ilipelekwa Ubungo kuzalisha umeme, nyingine viwandani. Kwa hiyo ikawasha TV, ikazungusha mafeni, ikapoza bia. Sufuria ya ugali haikuiona, ukiacha nyumba chache sana za Dar zilizokuja kuunganishwa baadaye. Mtungi unaouona leo jikoni kwa mama yako siyo gesi ya Songo Songo, watu wengi wanachanganya. Ile ya mtungi inakuja kwa meli kutoka nje.

Zama za fundi redio

Baada ya vita ya Uganda ya 1978 na 1979 maduka yalikauka. Sabuni foleni, sukari foleni. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi, na mtu kuwa na bidhaa nyingi ndani ikawa kesi. Katika hali hiyo redio ikifa, huendi dukani kununua nyingine. Unakwenda kwa fundi.

Fundi redio wa miaka ya 80 anastahili sanamu. Alikuwa na meza, koili ya kuchomea risasi, na lundo la maiti za redio. Spea ya hii inatoka kwenye maiti ya ile. Spika imechanika, inazibwa kwa karatasi na gundi. Baba aliyependa vifaa hakuwa mnunuzi kama wa leo, alikaa kwenye benchi la fundi mchana mzima akijifunza, akarudi nyumbani na bisibisi yake. Kijani gani zaidi ya hiyo? Kifaa kimoja, miaka 25.

Mzee Mwinyi alipoingia 1985 na milango ya biashara ikafunguka, akapewa jina la Mzee Ruksa. Deki za video zikaingia, na TV nazo, japo Bara hakukuwa na kituo cha kurusha chochote. Watu walinunua TV kuangalia kaseti. Sinema ya mapigano ya Kichina, sebule imejaa watoto wa mtaa mzima, wengine dirishani.

Jikoni nako, kwa mara ya kwanza, kulitokea kitu. Kilitokea Nairobi, mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1980. Mafundi wa jua kali na wataalamu walichukua wazo la majiko ya Thailand, wakalioanisha na jiko la bati ambalo kila mtu analijua, wakapata jiko lenye bati nje na udongo wa kuchoma ndani, umbo la kiuno chembamba. Udongo unashika joto, bati halipotezi moto pembeni, mkaa unapungua kwa theluthi hadi nusu. Walilipeleka kwa wapishi wenyewe wakalijaribu, wakalirekebisha, na michoro haikufungiwa kabatini, kila fundi aliruhusiwa kutengeneza na kuuza. Likavuka mpaka. Huku likaitwa jiko bora, na mafundi bati wa Dar wakaanza kuligonga na wao.

Bila utani, hicho ndicho kifaa kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kuingia nyumba ya kawaida ya Afrika Mashariki kabla ya simu. Kiliokoa hela kila siku iliyopikwa chakula. Na hakuna baba aliyepiga nacho picha. Picha za ukutani za miaka ile ni baba kaegemea redio kaseti, mkono kiunoni. Jiko bora hakuna.

Tatizo ni kwamba jiko bora linabana mkaa, haliondoi sumu ya mkaa. Mkaa ukiwaka hauonekani kuwa na moshi mwingi kama kuni, ndiyo maana watu wanauamini, kumbe unatoa kaboni monoksidi ambayo haina rangi wala harufu. Ndiyo ile ya familia kuingiza jiko ndani usiku wa baridi na asubuhi wasiamke.

Antena juu ya mwembe, LUKU ukutani

Mwaka 1994 ITV ilianza kurusha matangazo, na mwaka huo huo Mobitel ikaleta simu ya mkononi. Mwaka mmoja, vitu viwili. Simu ilikuwa ya matajiri, kubwa kama tofali, kwa hiyo watu wa kawaida waliihamia TV. TV ya chogo. Ikanunuliwa kabati yenye mlango na kufuli, funguo kwa baba. Antena ikafungwa kwenye mti mrefu au juu ya mwembe, mtoto mmoja anazungusha, mwingine dirishani anapiga kelele: "Rudisha! Hapo hapo! Acha!" Kizazi kizima kimejifunza masafa ya mawimbi juu ya mwembe bila mwalimu.

Katika miaka hiyo ya 90 ikaingia LUKU, Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Kifaa kidogo cha ukutani, na hakuna kifaa kilichobadilisha tabia za wazazi kama hicho. Kabla yake umeme ulikuja na bili mwisho wa mwezi, ugomvi mmoja kwa mwezi. LUKU inahesabu mbele ya macho yako. Baba akawa polisi wa swichi. Nani kaacha taa ya chooni? Nani kawasha pasi kwa shati moja?

Na hapa ndipo habari za mazingira zilipoingia nyumbani Bongo. Hazikuingia kwa kupenda misitu, ziliingia kwa namba kwenye mita. Piga hesabu: taa 6 za wati 60, zikiwaka saa 5 kila jioni, zinakula uniti 1.8. Weka taa za LED za wati 9, saa zile zile, uniti 0.27. Mzazi aliyepiga hesabu hiyo hakuhitaji kuhubiriwa juu ya ongezeko la joto duniani. Alikimbia dukani.

Lakini LUKU ilileta na sheria nyingine isiyoandikwa, na hii ndiyo iliyoumiza: marufuku kupikia umeme. Jiko la koili la wati 1,500 au 2,000 likiwaka saa zima, uniti zinakimbia huku unaziona. Kila nyumba ikajifunza kuogopa. Kwa hiyo umeme ukawa mali ya sebule. TV, feni, redio, friji, chaja. Mama yeye aendelee na kopo lake la mkaa. Hakuna kikao kilichokaa kuamua hivyo, na labda ndiyo maana hakuna aliyebisha.

2006, mwaka wa giza

Ukame wa 2005 hadi 2006 ulikausha mabwawa. Mtera maji yakashuka, na kwa kuwa umeme mwingi wa nchi ulitegemea maji, mgao ukaanza. Wenye umri wanaukumbuka. Taa zinarudi usiku wa manane, watu wanaamka kupiga pasi.

Serikali mwaka huo huo, kwa kuona misitu inavyokwisha, ikajaribu kuzuia mkaa. Fikiria: umeme hakuna, halafu mkaa marufuku. Zuio halikudumu, na lisingeweza. Mji mzima ungepikia nini?

Nyumbani ikawa kila mtu na dharura yake. Baba mpenda vifaa alinunua jenereta. Kombe la Dunia lilikuwa Ujerumani mwaka ule na hakuna namna angekosa mechi. Jenereta linanguruma uani, moshi unaingia chumbani kwa watoto, Ronaldinho anaonekana vizuri kabisa. Jikoni, jiko la mkaa halikujua kama kuna mgao. Hiyo ndiyo siri ambayo kila mkakati wa nishati umegonga nayo mwamba: mkaa haukatiki, hauhitaji waya, na unauzwa kwa kopo. Una hela kidogo, unapata moto wa leo. Mtungi wa gesi hauuzwi kwa kopo. Uniti za umeme unaweza kununua kidogo, lakini jiko lake huwezi kulinunua nusu.

Gharama yake ilikuwa porini, ambako mwenye sebule haoni. Tanuru la kienyeji la udongo linapoteza sehemu kubwa ya mti. Kupata tani 1 ya mkaa unaweza kuchoma tani 5 hadi 10 za kuni. Malori ya usiku barabara ya Morogoro yalikuwa yanaingiza misitu mjini ikiwa kwenye magunia.

Na mafuta ya taa? Yale majiko ya mchina yenye tambi yaliwaokoa wengi, hasa wapangaji na wanafunzi. Mwaka 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji, maana wajanja walikuwa wanayachanganya kwenye dizeli. Wachakachuaji walibanwa, sawa. Ila bei ikapanda kwa aliyekuwa anapikia pia, na jiko la mchina likaanza kushika kutu chini ya kitanda.

Kitochi cha mama

Kitu kilichokuja kuibadilisha jikoni hakikuwa jiko. Kilikuwa simu.

Kuanzia mwaka 2000 kampuni za simu ziliongezeka, laini zikashuka bei, zikaja simu ndogo ngumu zenye tochi, ndiyo vitochi. Mwanzoni simu ilikuwa ya baba kama redio ilivyokuwa ya babu. Lakini tofauti na redio na TV, simu haikai sebuleni. Inakaa kwenye mkoba, kwenye khanga, kwenye sidiria. Kwa mara ya kwanza nyumba za Bongo zikawa na kifaa ambacho mama anacho peke yake.

Kenya walianzisha M-Pesa Machi 2007, Tanzania ikaipata 2008, mitandao mingine ikafuata. Wengi wanaielezea kama hadithi ya kutuma hela kijijini, na ni kweli. Ila kuna hadithi ya pili haisimuliwi sana. Mama aliyeweka akiba yake kwenye kibubu au chini ya godoro, ambapo baba akikwama anajua pa kwenda, sasa ana pochi yenye namba ya siri. Hela ya vitumbua inaingia humo. Hela ya mchezo inatoka humo. Halafu siku moja inafika gesi ya kilo 6 na jiko lake, imebebwa na bodaboda, na baba anauliza imetoka wapi.

Ukiuliza wenye maduka ya gesi mitaani nani anakuja kununua, utapata jibu lenyewe. Wanasiasa wamegawa mitungi, ndiyo, kwa picha na kamera. Lakini mtungi wa kupewa unaisha mwezi wa kwanza, na wa kuujaza tena ni mwenye hela ya jikoni.

Njia hiyo ya simu ndiyo iliyobeba na sola. Mwaka 2012 M-KOPA ilianza Kenya: unachukua paneli, taa na chaja, unalipa kidogo kidogo kila siku kwa simu, usipolipa vinazimika. Mfumo ukaenea hadi huku, vijijini vibatari vikaanza kupotea. Baadaye ikaja hata mita ya kufungwa kwenye mtungi wa gesi, unalipia kiasi utakachopika. Yaani gesi nayo ikajaribu kuuzwa kwa kopo. Walichukua miaka mingi kumwelewa muuza mkaa.

Takataka za sebule

Baba naye hakulala. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar, mikoa mingine ikafuata, na kila mtu akalazimika kuwa na king'amuzi. Flati zikaingia, chogo zikaenda stoo. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 simu feki zikazimwa nchi nzima. Watu walikuwa wanabonyeza *#06# kama wanaangalia majibu ya mtihani.

Hakuna aliyesema maiti zile ziende wapi. Chogo moja ina risasi kwenye kioo chake, na kioo kizito ni kilo kadhaa. Fundi redio wa miaka ya 80 angezichambua hadi skrubu ya mwisho. Leo kijana wa vyuma chakavu anazipasua kwa nyundo, anatoa shaba, anachoma waya apate nyaya zake, na kilichobaki kinaachwa mtaroni. Baba anayejisifia sola yake aulizwe pia betri ya kwanza ya hiyo sola iko wapi sasa hivi.

Plastiki ndiyo iliyokwenda vizuri. Zanzibar walishapiga marufuku mifuko tangu 2006, Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019, na mifuko ya rambo ikapotea sokoni kwa kasi ambayo hakuna aliyeiamini. Ilikuwa rahisi kwa sababu mbadala ulikuwepo, kikapu cha bibi kinaning'inia nyuma ya mlango tangu enzi za redio.

Presha kuka na nyumba ya kupanga

Sasa ndiyo jikoni imeshika kichwa cha habari. Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, zaidi ya 237,000 wakiwa watoto chini ya miaka 5, wale wanaobebwa mgongoni mama akipika. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, na mwezi huo huo alikuwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa Paris wa jambo hilo hilo. Miaka 51 tangu Mtu ni Afya.

Umeme wenyewe sasa upo. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115, na wa kwanza uliwashwa mapema 2024. Na kuna kifaa kinachovunja ile sheria ya LUKU: presha kuka ya umeme. Nyingi ni za wati 1,000 hivi. Ikishafika joto lake inajizima yenyewe, inashikilia mvuke ndani, inawaka tena kidogo ikihitaji. Maharage ambayo jikoni yalikuwa yanakula mkaa wa mchana kutwa yanaiva ndani ya saa moja au pungufu, na uniti moja haiishi. Kwa mwenye tarifu ya kawaida, iliyopangwa 2016 kuwa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi, hiyo ni chini ya bei ya chapati mbili. Wenye tarifu ya D1, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, wao ni shilingi 100.

Kinachokwamisha sasa ni mambo ya kawaida kabisa. Nyumba nyingi za Dar ni za kupanga. Uswahilini chumba kimoja au viwili, uani mnapikia pamoja, na LUKU ni moja kwa wapangaji wote. Kila mwezi mnachangishana kwa hesabu ya vitu: mwenye friji anatoa zaidi, mwenye TV anatoa zaidi. Mama anapoingia na presha kuka yake mpya, wenzake wanasikia neno "kupikia umeme" tu na kumbukumbu za koili zinaamka. Mwenye nyumba anaitwa. Anasema waya za nyumba yake hazihimili. Anasema mwenye kupikia umeme achangie mara mbili, au apikie mkaa kama wenzake.

Baba wa chumba cha mbele ana flati ya inchi 55, redio kubwa ya spika mbili na feni inayolala ikizunguka. Yeye anatoa mchango wa mtu mmoja. Hakuna aliyewahi kumwitia mwenye nyumba. Mjukuu wa yule mzee wa redio ya betri, ambaye waya na hesabu za wati anazijua kichwani, ndiye pekee uani pale anayeweza kuchukua kalamu na kuwaonyesha wapangaji kwamba presha kuka inakula umeme mdogo kuliko hiyo sebule yake. Kwenye uani kadhaa wameshaanza kufunga vimita vidogo vya pembeni, kila chumba chake, kila mtu alipe anachotumia. Kwenye uani nyingine presha kuka bado ipo ndani ya boksi lake, juu ya kabati, na kopo la mkaa linauzwa hapo hapo mlangoni.